Mwenyekiti wa Mbio na Upande wa Akina Mama

Nilitandika mkeka wangu juu ya mstari wa kumalizia mbio, nikaketi na mtoto mapajani, nikasema siondoki. Wako watu mjini wanaosimulia kwamba nilirusha kiatu. Sikurusha kiatu. Nilikaa tu, ila nilikaa mahali ambapo ngamia hawezi kupita bila kunikanyaga, wala gari.

Ilikuwa Jumamosi ya mbio za ngamia, kwenye kile kiwanja kilicho nje kidogo ya Waberi, hapa Garissa, palipofyekwa vichaka vya mathenge kwa trekta mpaka ardhi ikabaki tupu kama sinia. Anayekijua kiwanja hicho anaujua pia upande wa akina mama. Ni kipande kirefu karibu na mstari wa kumalizia, kina neti ya kivuli na kamba ya kukizungushia, na hapo ndipo tunapokaa na watoto wetu na chupa zetu za chai kutwa nzima. Asubuhi hiyo nilipofika nikakuta upande wetu umejaa magari. Si magari ya kwenda sokoni. Ni yale yaliyoteremshwa mpaka tumbo linakaribia kugusa chini, yenye taa za rangi na mabomba ya moshi mapana kama sufuria. Vijana wa Garissa wapenda magari walikuwa wamewaalika wenzao wa Nairobi kwa mkutano wao, siku hiyo hiyo, kiwanja hicho hicho. Kamba yetu ilikuwa imefunguliwa, imekunjwa vizuri, imewekwa juu ya jiwe.

Tukajibana. Akina mama wa kwetu hujibana kwanza, kuuliza baadaye. Nilitandika mkeka kati ya gari na gari, na mwanangu wa kike, ambaye hajafika miaka mitatu, akalala. Mara bomba la gari moja likapiga kishindo, kile kishindo kama cha risasi ambacho katika mji huu watu wazima wakikisikia huinama kabla ya kufikiri, na gari likaanza kurudi nyuma. Nilimvuta mtoto kwa mguu. Gurudumu lilisimama juu ya ncha ya mkeka, pale pale kichwa chake kilipokuwa.

Dereva akateremsha kioo. "Pole mathe, sikuwaona. Lakini hapa ni pakingi."

"Nani amesema ni pakingi?"

"Chairman mwenyewe. Si alitupatia jana?"

"Na usiniite mathe. Mimi na wewe tulianza darasa la kwanza siku moja."

Akanitazama vizuri. "Ai, kumbe ni wewe? Umenenepa."

Basi hapo nikauchomoa mkeka chini ya gurudumu lake, nikambeba mtoto, nikatembea mpaka kwenye mstari. Wanawake wengine walinitazama kidogo, kisha mmoja akaja na mkeka wake, akaja wa pili, mwishowe tukawa tumeuziba mstari wote. Upande wa mbali ngamia walikuwa wamepigishwa magoti, wapandaji wako tayari. Huku vijana wa magari wanapiga honi, wanataka kuzungusha magari yao. Hakuna aliyeweza kuanza lake.

Ndipo Mwenyekiti akaja. Kiwanja kizima kikamtazama kuona ataniondoa vipi. Alitembea taratibu kama kawaida yake, akafika, akavua viatu, akaketi ukingoni mwa mkeka wangu huku amenipa mgongo, akawa anatazama ile njia tupu ya mbio kana kwamba ngamia wanakimbia.

"Jua kali leo," akasema.

"Adeer, umetugawa kama nyama ya harusi."

"Haye," akasema.

Kwetu haye ni sawa, ni naam, ni nimekusikia. Kutoka kwake ni yote hayo na si lolote. Hakuniambia niondoke. Hakuwaambia vijana waondoke. Alikaa tu hapo mpaka vijana wenyewe wakachoka na honi zao, wakahamisha magari ng'ambo ya pili, na mbio zikaanza alasiri.

Hasira ninayo mpaka leo, sifichi. Lakini tangu siku hiyo namfikiria huyu mzee kila nikifua, kila nikipika. Mtu huyu nimemjua tangu nikiwa mwanafunzi. Nataka kujua imekuwaje. Ndiyo maana naandika ninayoyajua, labda yakikaa pamoja nitaona kitu.

Jina lake sitaji. Sina hakika hata kama watu wengi wanalijua. Ni Mwenyekiti. Mke wake humwita Mwenyekiti hata akimwomba ampishe mlangoni. Mimi nikiwa mbele yake humwita adeer, yaani ami, na yeye hunirudishia adeer vilevile, maana kwetu mkubwa humpa mdogo jina lile lile analoitwa. Mtu wa mbali akitusikia atadhani tunabishana nani ni ami wa nani. Ameiongoza kamati ya mbio muda mrefu mpaka hakuna anayekumbuka alichaguliwa lini, au kama kweli alichaguliwa.

Huvaa koti la suti juu ya kikoi, hata katika lile joto la kabla ya mvua ambamo mbuzi wenyewe hukataa kutembea. Mifuko ya koti hilo ni ghala. Nimewahi kumwona akitoa humo mswaki wa mti, tende zilizofungwa kwenye gazeti, plagi ya injini, na filimbi ambayo sijawahi kuisikia ikilia. Mbio huzianzisha kwa kitambaa cha bega. Hukiinua, ngamia na watu wote wakanyamaza, kisha hukiachia. Kitambaa kikigusa vumbi, wameshaondoka. Mgeni mmoja kutoka Isiolo aliwahi kumlalamikia kwamba hakusikia mbio zikianza. "Kwani wewe unakimbia?" Mwenyekiti akamuuliza.

Sijawahi kumsikia akisema hapana, hata mara moja. Vijana wa mpira walimwomba kiwanja Alhamisi moja, akasema haye. Mchana wake familia fulani wakamwomba wasimamishe hema la harusi Alhamisi hiyo hiyo, akasema haye. Siku ilipofika mpira ulichezwa, na harusi ikafanyika, na goli moja lilifungwa ndani ya wali. Bwana arusi alikasirika. Mwenyekiti mpaka leo huisimulia kama ushindi. "Sasa mpira haukuchezwa? Watu hawakuoana?"

Wanaomjua wamejifunza kuzisoma haye zake. Akikutazama machoni, ni ndiyo. Akitazama miguu ya mnyama wako, ni hapana. Akikuuliza hali ya mama yako, ameshasahau uliomba nini. Lakini kuna haye moja ambayo haina mjadala, nayo ni ya chai. Mtu akiingia nyumbani kwake, sebuleni kwake, na ombi lake, akaletewa chai na anjera na nyama ya nyirinyiri, akala, basi limekwisha. "Aliyekula kwangu na ombi mdomoni," husema, "nikimnyima nimemtapisha." Mke wake aliniambia siku moja jikoni, akichota nyama ya kumpelekea mgeni, "Mimi nikibeba hii sahani huwa najua tayari kuna kitu kinaondoka."

Na sasa hili linawashangaza wageni wote. Mwenyekiti wa mbio za ngamia hana ngamia. Hana hata mmoja. Isitoshe anawaogopa. Tazama vizuri siku ya mbio utaona kila mara yuko upande ule ambao ngamia hatageuzia kichwa. Wafugaji wanaokuja kutoka Wajir na Mandera humchokoza.

"Waryaa Mwenyekiti, ngamia wako yuko wapi, tumwone?"

"Wangu alikuwa na magurudumu kumi. Nimeuza."

Maana alikuwa dereva wa lori. Miaka mingi alibeba unga na sukari kutoka hapa kwenda Wajir mpaka Mandera, na kurudi na ngozi, na mbuzi, na watu waliokaa juu ya mbuzi. Hadithi yake kubwa ni ya mvua iliyomkamata karibu na Kutulo. Lori lilizama mpaka mlangoni. Wafugaji wa pale wakamchukua kwao, akala, akalala, akakaa mpaka matope yakakauka. Hakuna aliyemuuliza anatoka wapi, wala ni wa nani, mpaka aliposhiba. Huisimulia hadithi hiyo polepole, na akifika kwenye maziwa ya ngamia waliyompa hufunga macho.

Mara ya kwanza nilipoisikia nilikuwa msichana, nikauliza: "Aliyekukamulia alikuwa nani?"

"Mwanamke wa pale."

"Anaitwa nani?"

Akafikiri. "Sikumuuliza." Kisha akaendelea na matope.

Mapenzi yake ya magari hayakuisha alipouza lori. Asubuhi ile ya ugomvi, kabla sijajua kamba yetu imefunguliwa, nilimwona kwa mbali amezungukwa na vijana, kifuniko cha injini kimeinuliwa, yeye ameinama kichwa chote ndani. Injini ilikuwa inakohoa. Akasikiliza. Akasema ni plagi, akatoa ile yake mfukoni. Haikuwa plagi. Kijana mmoja akachomeka waya fulani mahali pake na injini ikatulia.

"Buda, hii ni ya kompyuta," wakamwambia. "Siku zenu ziliisha na zile lori."

Walicheka, na yeye akacheka kuwashinda wote. Alikuwa na uso ambao sijawahi kumwona nao mbele ya ngamia. Nilipita nikitabasamu, mjinga mimi, nikidhani wamepaki njiani tu.

Lazima niseme pia alichonifanyia, maana nikikiacha nitakuwa mwongo. Nilipokuwa kidato cha pili alikuja shuleni kwetu kutafuta mtu wa kutangaza mbio kwa Kiswahili. Wageni kutoka kaunti nyingine walikuwa wameanza kuja, na wao hawajui Kisomali. Mwalimu mkuu akampa majina ya wavulana. Mwenyekiti akawasikiliza wote wakisoma gazeti, kisha akauliza yule msichana aliyekuwa akiwasahihisha kutoka dirishani ni nani. Nilikuwa mimi.

Wazee kadhaa wa kamati walikuja juu. Msichana kwenye kipaza sauti, mbele ya wanaume? Mwenyekiti hakubishana nao. "Haye," akasema, "tutaweka pazia." Na kweli aliweka pazia, yeye mwenyewe, mbele ya meza yangu. Mbio za kwanza hazijaisha upepo ukalichukua, likaenda kunasa kwenye mathenge huko. Hakulirudisha, na hakuna aliyelidai, kwa sababu watu walishanogewa na matangazo. Jioni yake nilipokuwa nakusanya vitu vyangu niliona alichokuwa amelifungia. Lilikuwa limefungwa kwa uzi wa kushonea nguo. Mtu aliyefunga mizigo ya lori miaka yote ile, kamba zake zikahimili barabara ya Mandera, pazia alilifunga kwa uzi.

Sikumuuliza. Ningemuuliza angesema haye.

Kiswahili chake mwenyewe ni shida tupu. P kwake ni b, v kwake ni f, na ngeli kwake hazipo. Hata hivyo kila mwaka lazima afungue mbio yeye mwenyewe kwa Kiswahili, ndipo anipe kipaza sauti.

"Wageni wangu, karibu Garissa. Leo ngamia iko mingi, fijana iko mingi. Kila mtu bole bole. Nabenda nyinyi yote."

Halafu mimi nasimama na kuyasema hayo hayo tena. Namtafsiri kutoka Kiswahili kwenda Kiswahili. Wageni hucheka, lakini nimechunguza: yeye akisema anawapenda, watu humwamini. Mimi nikisema, wanapiga makofi tu.

Na upande wa akina mama, ni nani aliuanzisha? Ni yeye. Hili ndilo linaloniuma. Zamani wanawake walitazama mbio wakiwa nyuma ya ua wa miiba, mbali, wakiona migongo ya wanaume na vumbi. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Mwaka mmoja mtoto alipita chini ya miiba akaingia njiani, akaokolewa na mpandaji aliyegeuza ngamia kwa nguvu mpaka yeye mwenyewe akaanguka. Mwaka uliofuata Mwenyekiti alifika na kamba begani na neti ya kivuli, akapima kwa hatua zake kipande cha karibu na mstari, akakizungushia, akawaambia akina mama waingie. Wazee walilalamika. Aliwaambia haye. Akina mama waliuliza kama ni kwa siku hiyo tu. Aliwaambia haye vilevile. Mama aliingia wa kwanza akakaa, na tangu hapo tumekaa.

Sasa nieleze makosa ya tarehe, maana watu wanasema aliuza siku kwa wenye magari. Hakuuza. Mbio za ngamia hazina tarehe. Zina desturi. Baada ya Idd watu hufunga zile siku sita za Shawwal, na Jumamosi inayofuata ndiyo ya mbio. Kila mtu anajua, kwa hivyo hakuna anayeandika. Ila zile sita, wengine huzifunga mfululizo Idd ikiisha tu, na wengine huzisogeza mpaka wageni waondoke na nyama iishe. Vijana wa magari walikuja kwa Mwenyekiti mapema, wakala, wakataja tarehe ya kwenye simu. Akahesabu kwa vidole: Idd, sita, Jumamosi ya mbio, halafu wiki moja mbele ni yao. Haye. Kisha wafugaji wa mbali wakafika mjini na kumwambia kwamba mwaka huu sita zao walizianza wakiwa wamechelewa, hawawezi kupanda na kuanguka juani huku wamefunga, asogeze wiki moja. Nao walikuwa wamekaa sebuleni. Nao walikuwa wanakula. Haye.

Basi akawa na wageni wa aina mbili, siku moja, kiwanja kimoja. Mtu mwingine angepiga simu moja. Huyu alikwenda kiwanjani Ijumaa baada ya swala, akatazama nafasi iliyopo, ngamia wapate nini na magari yapate nini, akafungua kamba yetu akaikunja.

Siku ile pale kwenye mkeka, kabla hajasimama kwenda kuanzisha mbio, nilimuuliza kwa nini upande wetu na si ule wa wazee wenye viti vya plastiki. Alivaa kiatu kimoja, akavaa cha pili. "Nyinyi mtanielewa," akasema. Akaenda zake.

Neno hilo ndilo lililonipeleka ofisi ya wadi. Nilienda wiki iliyofuata na karatasi yangu. Karani pale, kijana mpole, alisoma akasema malalamiko juu ya kamati hayapokelewi mpaka mwenyekiti wa kamati ayaone kwanza. Nikamwambia mwenyekiti ndiye ninayemlalamikia. Akasema ndiyo, ni hivyo hivyo, utaratibu ndio huo.

Kwa hivyo nilikwenda nyumbani kwake baada ya alasiri. Nyumba hiyo nimeingia mara nyingi, kila mara kwa mlango wa jikoni. Siku hiyo nilipita mlango wa mbele, nikavua viatu pale wageni wanapovulia, nikaingia sebuleni. Mwenyekiti alikuwa ameegemea mto. Akanitazama, akatazama mlango nilioingilia, akajisogeza akakaa wima kama anavyowakalia wageni. Mke wake alisimama kidogo pale kwenye pazia la ndani. Kisha akaleta chai na anjera, akaviweka mbele yangu.

"Kunywa, adeer," Mwenyekiti akasema. Tulikuwa tunaongea Kisomali.

"Nikinywa utanikubalia."

"Si ndilo ulilojia?"

"Wenye ngamia walikunywa hapa. Wenye magari walikunywa hapa. Chai yako, adeer, imekubali watu wengi mno kwa siku moja."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Gurudumu halikumfikia. Ningelala usingizi wangu siku hiyo, lingemfikia."

"Nimesikia. Wale vijana wamenieleza." Akashika ndevu zake za hina. "Yule aliyekuwa akiendesha amekuja hapa akalia machozi. Anasema mlisoma pamoja."

"Aliniambia nimenenepa."

"Haye," akasema, na nadhani alitaka kucheka tena, akajizuia. "Soma hiyo karatasi."

Nikamsomea kwa Kiswahili kwanza, kama ilivyoandikwa, kisha kwa Kisomali ili asikose hata neno moja. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akanyoosha mkono, akaichukua, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi, akanirudishia.

"Umeandika kamati."

"Ndivyo karani alivyoniambia."

"Kamati haikujua. Ijumaa ile nilikuwa pale peke yangu. Ile kamba niliifungua mimi, nikaikunja mimi. Futa kamati. Andika mimi."

Sikutegemea hilo. Nilikuwa nimejiandaa kwa haye. Nikafuta, nikaandika hapo hapo nikiwa nimeweka karatasi kwenye goti. Halafu kwa kuwa kalamu ilikuwa tayari mkononi nikamuuliza tena. "Kwa nini sisi, adeer? Si useme tu, niandike na hilo."

"Nilikwambia. Wageni hawaelewi. Nyinyi ni wa nyumbani, mtanielewa."

"Na kama hatuelewi?"

Nimemjua mtu huyu miaka mingi, nimemwona akiulizwa na wakubwa wa serikali, na wazee wenye hasira, na bwana arusi mwenye wali uliomwagika, na kila mara anacho cha kusema. Sasa alitazama kikombe changu, chai imeanza kufanya utando juu.

"Hilo sijawahi kulifikiria," akasema.

"Lifikirie sasa," mke wake akasema kutoka nyuma ya pazia. "Si yuko hapo."

Tulikaa. Nilisubiri kweli, sikuwa nikimkomoa. Nilitaka kusikia. Hata sasa sijui kama alikuwa akilitafuta jibu au akisubiri niondoke. Kisha adhana ya magharibi ikaanza, akainuka kwa kushika ukuta kwenda kutawadha. Nikakusanya vitu vyangu. Mlangoni akageuka.

"Peleka asubuhi mapema," akasema. "Usimbebe mtoto jua likiwa limepanda."

Nilipeleka asubuhi mapema. Karani aligonga muhuri, akanipa nakala. Niliyoyaandika ni haya.

*Kwa Msimamizi wa Wadi.*

*Kuhusu: Upande wa akina mama katika kiwanja cha mbio.*

*Ninalalamika juu ya Mwenyekiti wa mbio, yeye binafsi, si kamati. Siku ya mbio aliwapa wenye magari upande wa akina mama bila kutuuliza. Gari lilirudi nyuma likapanda mkeka ambao mtoto wangu alikuwa ameulalia. Mtoto hakuumia. Mwenyekiti amesomewa malalamiko haya na hakukana.*

*Magari hatuyakatai. Vijana ni wetu na kiwanja ni cha wote. Tunaomba upande ule uandikwe katika karatasi za ofisi kuwa ni wa akina mama na watoto, siku za mbio za ngamia na siku za magari, ili mtu asiweze kuutoa hata akiwa na wageni.*

*Siombi Mwenyekiti aondolewe. Naomba aitwe na aulizwe mbele yetu sisi wanawake kwa nini aliona sisi ndio tutakaoelewa, na apewe muda wa kutosha wa kujibu, kwa sababu nilipomuuliza hakuwa na jibu, na ninaamini analo.*

*Siku mtakayotuita tutakuja na watoto. Tafadhali mtutengee mahali pa kukaa.*